Picha Moja kwa Kila Mtu

Huyu mpiga picha wa vitambulisho hapa ofisini kwetu humpa kila mtu picha moja tu. "Kaa. Tazama hapa. Haya, mwingine!" Mwingine akikaa, kiti bado kina joto la aliyetoka. Ukipiga chafya, basi hiyo ndiyo sura yako kwa miaka kumi. Lakini saa ya chakula ikifika, hutundika kamera yake mwenyewe begani, akashuka bwawani nyuma ya jengo, akalala kifudifudi kwenye tope na shati lake jeupe, pumzi kaibana, mbele ya kereng'ende aliyetua kwenye jani. Huko sauti yake hulainika kama ya bwana harusi: "Tulia, mama. Geuka kidogo. Hapo hapo, usiogope." Humpiga picha mia mbili, na akiruka, humngoja arudi.

Juzi shangazi yangu alipewa kitambulisho chake, pichani macho kayafumba kama maiti. Nikampeleka bwawani akalalamike. Yule bwana hata hakugeuka. "Ulipepesa macho mwenyewe, shangazi. Picha haina kosa." Kisha akanong'ona, akimwonyesha mdudu wake: "Mtazame huyu. Hana kope, hapepesi hata siku moja. Kila mwananchi angekuwa hivi, kazi ingekuwa raha."

Shangazi aliinama, akamtazama kereng'ende vizuri, kisha akakiweka kitambulisho taratibu juu ya mkoba wa kamera. "Basi hiki mpe yeye, mwanangu," akasema. "Mimi nitarudi nikishaota mabawa."