Muhogo wa Bwana Nicolaus

Huku kwetu Magoma, mbegu huitwa kwa jina la mtu aliyeileta. Ndiyo maana kwa miaka mingi muhogo wetu uliitwa Nicolaus, kwa heshima ya bwana shamba aliyetuletea wakati ugonjwa wa batobato ulipokuwa umeyamaliza mashamba yetu.

Bwana Nicolaus alikuwa mtumishi wa Idara ya Kilimo, mwana wa wakata mkonge, mpole, asiyejaliwa mtoto. Alipopita njiani akamsikia mama akimwambia binti yake, "Nenda ukachimbe Nicolaus wa jioni," alipunguza mwendo wa pikipiki, labda jina lake litatajwa tena.

Kisha idara ikamleta Fausta, binti mchangamfu aliyetoka chuoni karibuni, naye akapanda mbegu mpya katika shamba darasa kando ya zahanati. Watu walipomzunguka kumsikiliza, Nicolaus alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake. Fausta alimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote. Aliitikia "marahaba" huku akitazama milima.

Msimu ule ukaingia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani ya Nicolaus yalipendeza, lakini ukichimba, muhogo umeoza ndani, mgumu kama kizibo. Ule wa Fausta ukabaki mweupe. Mkuu wa idara akamwagiza Nicolaus mwenyewe awaambie wakulima wang'oe, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwamini. Akawa anaahirisha.

"Tungojeni mvua kwanza," alisema katika kila kitongoji. Nao waliomtii wakazidi kupoteza chakula cha watoto wao.

Mwishowe Bibi Rhoda, mjane mwenye ulimi mkali, alisimama kikaoni.

"Shikamoo, bibi," Nicolaus akawahi.

"Marahaba. Nicolaus wako ameoza, nimempika na wajukuu wamemtema. Sasa nieleze, ning'oe, au nisubiri umalize kununa?"

Kikao kizima kilicheka. Fausta peke yake hakucheka. Aliinamisha macho, na huruma ile ikamchoma Nicolaus kuliko kicheko.

"Ng'oeni," akasema. "Ng'oeni yote, mashina myachome moto. Mpande ile... ile nyingine."

"Haina jina, mzee?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ya Fausta!" akajibu kwa ukali, akaenda zake kabla ya chai.

Tukang'oa. Mwaka uliofuata njaa haikutufikia, na akina mama wakawa wanawatuma binti zao kuchimba Fausta. Nicolaus aliomba uhamisho. Akapelekwa Handeni, upande wa nyika, kwa wafugaji ambao ukame ulikuwa umewapunguzia ng'ombe na sasa walitaka kujaribu jembe. Idara ikampa pingili za kupanda, na pingili zenyewe zilikuwa za Fausta. Alizifunga nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Katika boma moja alimfundisha mama mmoja, Nkoile, jinsi ya kuinua matuta, kulaza pingili, na kuwafukuza mbuzi. Alimtembelea mara nyingi kuliko kazi ilivyomtaka. Muhogo ulipokomaa, Nkoile alichimba wa kwanza, akaumenya, akamkatia kipande.

"Bwana Shamba, majirani zetu Wazigua wanasema mbegu huitwa kwa jina la aliyeileta. Hii nani kaileta?"

Nicolaus alitafuna polepole. Muhogo ulikuwa mtamu, bila uchungu hata kidogo, na jambo hilo nalo lilimuudhi. Fausta alikuwa mbali, Magoma, na katika boma lile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumsikia.

"Nimeileta mimi," akasema.

Nkoile akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kimaasai. Maneno mengine Nicolaus hakuyaelewa, ila moja, jina lake. Wanawake wakalirudia kwa zamu, kila mmoja akilivuta kwa namna yake, na Nicolaus akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.