Watoto wa Nyumba ya Bibi Wegesa

Kaka yangu Onesmo alianza kuchoka kabla hatujajua ni figo. Mchana alitengeneza simu za watu Manyamanyama, pale Bunda. Jioni alijenga mfumo wa chama chetu cha kuzikana, ili mwanachama akigusa jina lake kwenye simu aone watu wote wa nyumba yake. Asiyeonekana hapo, chama hakimziki.

Alipoumaliza alikwenda Butiama kumwonyesha Bibi Wegesa kwanza. Bibi hakujaliwa kuzaa. Kwa desturi yetu alimtolea mama yetu, Jeska, ng'ombe, akamwoa ili nyumba yake isizimike. Sisi watatu, Onesmo, mimi na mdogo wetu Mhoja, tumezaliwa humo, ni watoto wake. Onesmo akagusa jina la Bibi, akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Hana watoto."

"Hana?" Bibi akauliza. "Na wewe unayenishikia simu nilikuokota kule Makoko?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Onesmo hakucheka. Alikuwa ameuagiza mfumo umtafute kila mtoto kwa jina la baba yake, kama alivyofundishwa chuoni. Sisi baba hatuna; kwa desturi hiyo mwanaume aliyetuzaa hahesabiwi. Amekulia nyumba hiyo, na bado aliisahau.

"Nitarekebisha, Bibi."

"Harakisha. Mimi ninazeekaga kila siku."

Nilimshauri aandike jina lolote la mwanaume, apumzike.

"Nimwozeshe Bibi mume wa uongo, Debora? Na wewe unaendaga kanisani!"

Akaufumua mfumo wote. Akaondoa baba, akaweka nyumba, kila mtoto akaunganishwa na nyumba yake. Kazi hiyo aliifanyia kitandani hospitalini Musoma, kompyuta mapajani. Siku nyingine aliandika mstari mmoja tu, akalala. Mimi nilisali rozari pembeni yake, nikisinzia.

Bwana alimchukua. Chama kilikuja na maturubai na masufuria, kikamzika Butiama.

Baada ya matanga, katibu Flora aliniomba niweke alama ya marehemu kwenye jina lake. Bibi akasogea karibu.

"Ukigusa hapo, anatoka?"

"Sijui, Bibi."

Nikafanya ishara ya msalaba, nikagusa. Mtandao ulisuasua. Kisha ukurasa ukafunguka: Nyumba ya Wegesa. Jeska. Onesmo, marehemu. Debora. Mhoja.

Bibi hajui kusoma. "Tuko wote?"

"Wote, Bibi."

"Basi zima. Usiguse tena."