Lebo za Shingoni

Fundi alikuwa akipiga pasi koti la mteja. Binti yake, kitinda mimba, mwalimu wa Kiingereza, akaivuta kola akacheka.

"Baba, unajua hili neno limetoka wapi?"

Neno lenyewe ni NICE. Marehemu mkewe ndiye aliyelitarizi, uzi mwekundu juu ya utepe, na hakuna nguo ya mteja iliyotoka kwenye cherehani yao bila lebo hiyo shingoni. Alilinakili kutoka kwenye shati la mtumba, enzi za uchumba wao. Waliambiwa maana yake nzuri. Basi.

"Kwani si nzuri?"

"Leo ni nzuri. Lakini mzizi wake wa Kilatini maana yake ni asiyejua. Lilipoingia kwenye Kiingereza likawa na maana ya mpumbavu."

Pasi ikamganda mkononi. Harufu ya kitambaa kutaka kuungua ndiyo iliyomzindua, akaiinua.

"Mpumbavu?"

"Zamani hizo, Baba! Baadaye likawa mtu mchaguzi, kisha makini, hadi—"

Hakusikia tena. Aliona shingo tu: bwana harusi, karani, hakimu. Wote kawavika upumbavu, na ahsante wakampa!

"Mama yenu kafa hajui," alisema. Akashika wembe.

"Usifumue, Baba. Zilizobaki ni hizo za kwenye kopo la Mama tu, na hakuna wa kushona nyingine."

"Nitazichoma na kopo lake."

Alilimwaga kopo mezani. Mkono ukasita. Lebo za juu, za mwisho mwisho, zilikwenda upande kama mlevi. E moja ilikuwa kama kitana kilichong'oka meno.

"Aliniambia uzi mbovu," alisema. "Nikabadilisha uzi."

Binti alitazama sakafu.

"Haukuwa uzi, Baba. Macho yalikuwa yanazima. Ugonjwa ulishapanda kichwani. Alitukataza tusikuambie. Alisema utafunga cherehani ukae umtazame."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Ninyi mlijua?"

"Tulijua."

"Wote?"

"Wote, Baba. Tusamehe."

Fundi akavua shati lake, akabaki na singlendi. Miaka yote hiyo hakuwahi kujishonea lebo. Akachagua ile yenye E mbovu, akatunga uzi, akaanza kuishona kwenye kola yake.

"Na koti la mteja je?" binti aliuliza, akifuta machozi kwa kiganja.

"Liache na lebo yake. Kwani yeye anajua nini?"