Kitambaa cha Njano cha Verlon Teague

Kwetu Yarrow Creek, mtu akikupa habari usiyoiamini unamjibu, "Hiyo ni njano ya Bumgarner." Watoto wanausema msemo huo wakicheza, wala hawajui ulikotoka. Ulitoka mkononi mwa Verlon Teague. Verlon angali hai, na kila akiusikia dukani huacha alichokuja kununua akarudi nyumbani.

Siku za kazi Verlon alikuwa mpiga msasa katika kiwanda cha viti. Alisugua miguu ya viti ambavyo watu wa mbali wangevikalia bila kujiuliza ni nani aliyevilainisha, na jioni alitoka nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mbao. Kiwandani aliitwa "wewe pale". Lakini Jumamosi alasiri alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe, Oleta, akaenda uwanja wa mbio za magari, akapanda ngazi ya chuma mpaka kwenye kizimba kilichoning'inia juu ya mstari wa kumalizia mbio, na kundi zima la madereva wenye vichwa vya moto likamtii. Akionyesha bendera ya kijani, wanaondoka. Akionyesha ya njano, kuna hatari, wanapunguza mwendo. Akionyesha ile ya miraba myeusi na myeupe, mbio zimekwisha. Mtu aliyeonja heshima ya namna hiyo haiachi kirahisi, na kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa mengine.

Maana bendera haina breki. Ni kitambaa kwenye kijiti. Nguvu yake yote ni kwamba dereva akiiona anaamini kuna kitu mbele yake ambacho yeye bado hajakiona. Imani hiyo ikiondoka, ni afadhali upeperushe soksi.

Na palikuwa na desturi. Njano ikitoka, nafasi za magari hazikuhesabiwa papo hapo. Zilihesabiwa kila gari lilipopita chini ya kizimba cha Verlon. Kwa hiyo mwenye tamaa angeweza kuendelea kukanyaga mafuta mpaka kwenye mstari, akajiibia nafasi moja au mbili. Sheria haikumkataza. Kilichomkataza ni aibu. Dereva anayeongoza akiiona njano alitoa mkono dirishani, kiganja wazi, na wote walio nyuma yake wakaachia mafuta. Aliyempita mwenzake aliyetoa mkono, juma zima hakuna aliyemsalimia gereji. Royce Lankford, mkongwe kuliko madereva wote, ndiye aliyewafundisha vijana mkono huo. Mmoja wa vijana wake alikuwa Dell, mtoto pekee wa Verlon.

Mwenye uwanja alikuwa Gaither Bumgarner. Yeye ndiye aliyetunga sheria, yeye aliyekaa mnarani na redio ya mkononi akiongoza mbio, yeye aliyekagua injini za washindi, na ukiona umeonewa, rufaa yako aliisikiliza yeye huyohuyo. Kesi ya nyani hakimu ngedere, ndivyo wasemavyo. Kwetu nyani na ngedere walikuwa mtu mmoja, tena mcheshi, mwenye kukuulizia hali ya mama yako. Shida yake ilikuwa moja. Gari moja likiyaacha mengine mbali, watu walianza kuinuka na kwenda zao.

"Hakuna anayekuja kutazama gari likikimbizana na kivuli chake," alikuwa akisema.

Basi Jumamosi moja redio ikakoroma sikioni mwa Verlon.

"Verlon, njano. Kuna chuma kona ya pili."

"Sioni kitu, bwana Bumgarner."

"Nunua miwani. Njano!"

Verlon akapeperusha. Magari yakapunguza mwendo na kujikusanya. Pikapu ya usafi ikaenda kona ya pili, mzee Hoyle akashuka na ufagio wake, akatoa kipande cha raba mfukoni mwake mwenyewe, akakidondosha, akainama, akakiokota, akakiinua juu watu wakione. Jukwaa zima lilicheka mpaka likashika mbavu. Kisha mbio zikaanza upya, magari yakibanana bati kwa bati, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika. Verlon naye alicheka kidogo kule juu. Laiti asingecheka.

Tangu siku hiyo njano za namna hiyo zikawa kama chumvi kwenye mboga. Madereva wakaipa bendera jina, leso ya Bumgarner, kisha wakaona jina hilo halitoshi wakaiita kitambaa chake cha kufutia vyombo. Verlon aliwasikia na akatabasamu nao. Alichokiona peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa juu, ni kwamba mikono madirishani ilikuwa ikipungua. Msimu baada ya msimu, magari yalipita chini yake kwenye njano yakinguruma kana kwamba ni kijani. Lililomtia hofu hasa ni kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na hofu.

Dell alipoanza kushindana, maneno yakaanza. Verlon akiingia mkahawani kula kifungua kinywa, hakosi mtu wa kumchokoza.

"Mzee Teague, leo utamfungulia kijana njia?"

"Atamfungulia nini wakati gari lenyewe linapitwa na mashine ya kukatia nyasi!"

Walikuwa wanatania, lakini utani huo ulimwingia. Akaapa moyoni kwamba hakuna atakayesema Verlon Teague alimpendelea mwanawe. Tena akaapa mbele ya Dell, na Dell akamwambia, "Sawa, baba, mimi sitaki upendeleo. Nataka njia tu."

Ikaja alasiri ambayo Dell, ambaye alikuwa hajawahi kushinda hata mara moja, aliongoza kwa karibu nusu ya uwanja. Gari lake lilikuwa linaimba. Zilibaki raundi chache. Verlon alikuwa ameshaishika bendera ya miraba chini ya kwapa, anajizuia asionyeshe meno. Watu wakaanza kuinuka jukwaani.

"Verlon, njano. Kona ya pili."

"Sioni kitu."

Redio ikasema kwa upole, "Huoni kitu, au unamwona mwanao?"

Bumgarner alijua pa kugusa. Verlon akapeperusha njano. Akamwona Dell anatoa mkono dirishani, kiganja wazi, kama alivyofundishwa, na akaona magari mawili yakimpita mkono ukiwa ungali nje. Mbio zilipoanza tena walimgonga kutoka nyuma akazunguka, akamaliza mbio huku bampa inakwaruza lami.

Kesho yake baada ya kanisa walikaa mezani. Oleta alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi, na kulikuwa na nyama ya nguruwe ya moshi, ile ya siki. Dell hakuigusa.

"Baba, ulikiona kitu kona ya pili?"

"Mnarani walisema kuna chuma."

"Sijauliza mnara. Nimekuuliza wewe."

Verlon alimwaga siki kwenye nyama ambayo tayari ilikuwa na siki. Oleta akasema, "Mjibu mtoto, Verlon." Verlon akakata kipande cha mkate.

"Basi," Dell akasema, bila hasira, na hapo ndipo Verlon alipoogopa kweli. "Mkono wangu hautatoka tena. Nikikiona kitu kwa macho yangu nitafunga breki."

Juma lile Verlon alisugua miguu ya viti mpaka msimamizi akamwambia amelainisha kupita kiasi, atapata vijiti vya meno. Alikuwa akizungumza na Bumgarner kichwani, anamwambia hivi, anamwambia vile. Alhamisi alikwenda kwake kabisa. Bumgarner akampa kahawa, akamsikiliza hadi mwisho, akamshika bega.

"Umechoka, rafiki yangu. Kama unataka kupumzika, sema. Mpwa wangu anaitamani sana ile ngazi."

Verlon akamaliza kahawa yake na kuondoka. Lakini njiani aliamua: bendera ya uongo haitatoka tena mkononi mwake, na wakimfukuza, wamfukuze akiwa juu.

Jumamosi madereva walikusanyika kama kawaida kusikiliza sheria na kuombewa na mchungaji. Kabla ya sala Royce Lankford alinyoosha mkono.

"Bwana Bumgarner, tuache kukimbilia mstari. Njano ikitoka, kila mtu abaki alipo, nafasi zihesabiwe hapohapo. Siku moja mtu atakuwa amekwama pale mbele, ubavu wa gari wazi, na sisi tunagombania mstari kama kuku na mtama."

"Royce, umeanza kuogopa mwendo?"

"Naogopa wajinga, na leo wapo wengi."

Wakacheka, Dell pia. Royce akampiga kofi la utani kisogoni. Mchungaji akaomba, wakasema amina, wakaenda kuwasha magari.

Katikati ya mbio redio ikasema, "Njano, kona ya nne." Verlon akatazama kona ya nne. Lami ilikuwa tupu.

"Hapana," akasema.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, bwana Bumgarner. Hakuna kitu pale."

Akavuta waya wa redio kutoka sikioni akauacha uning'inie. Kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alitamani mtu amwone. Hakuna aliyemwona. Madereva chini yake hawakujua kwamba tangu sasa kitambaa kile kilikuwa cha kweli, wangejuaje?

Raundi chache baadaye gari la Royce lilipasuka tairi likiingia kona ya kwanza, hatua chache mbele ya kizimba. Lilizunguka, likagonga ukuta, likarudi na kusimama katikati ya njia, mlango wa dereva umeelekea kule magari yanakotokea. Moshi ulilifunika, na jua la alasiri pale kona ya kwanza huingia moja kwa moja kwenye kioo.

Verlon alikuwa ameshaipeperusha njano kabla gari halijasimama. Aliipeperusha kwa mikono miwili, akainama nje ya kizimba mpaka chuma kikamkata tumboni. Kundi likatokeza kona ya nne, Dell mbele, mwingine ubavuni mwake. Dell alikuwa na nafasi tele ya kufunga breki. Verlon alimwona mwanawe akiinua uso kumtazama. Aliliona dirisha. Alipiga kelele, "Mkono, Dell! Mkono!" kana kwamba mtu anaweza kusikia ndani ya ngurumo ile.

Mkono haukutoka. Dell alipita mstari akiwa wa kwanza, mafuta yote chini, akaingia kwenye moshi.

Royce alifia palepale. Dell alivunjika mkono na mbavu, na hakuwa akisema na mtu.

Jumanne waliitwa kwenye ukumbi wa zimamoto. Aliyekaa mbele kusikiliza kesi alikuwa Gaither Bumgarner, tai nyeusi shingoni, macho mekundu. Alimlilia Royce kweli, siwezi kumsingizia. Mjane wa Lankford alikaa mstari wa mbele. Verlon akaitwa.

"Uliitoa bendera kwa wakati?"

"Niliitoa."

"Dereva aliyeongoza alikuwa na nafasi ya kusimama?"

Verlon alimtazama Dell, mkono wake umefungwa kifuani. "Alikuwa nayo," akasema. Kisha akaongeza kwa nguvu, watu wakageuka, "Lakini hakuiamini! Iulizeni ya Jumamosi ya kabla yake. Ulizeni zote za nyuma. Hakukuwa na chuma, hakukuwa na kitu! Hoyle alikuwa anaokota raba yake mwenyewe!"

Mzee Hoyle akatazama viatu vyake. Bumgarner hakukasirika. Aliinama mbele kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukumbuka.

"Verlon, hizo bendera za nyuma, nani alizishika?"

"Mimi."

"Kuna mtu aliwahi kukushika mkono?"

Verlon akarudi kukaa. Waliandika kwamba dereva alipuuza bendera iliyotolewa kwa wakati, wakamfungia Dell asishindane tena maisha yake yote. Mshika bendera wakamshukuru kwa utumishi wake. Juma lililofuata mpwa wa Bumgarner alikuwa juu ya ngazi.

Nje, baba na mwana walikaa ndani ya pikapu. Verlon alikuwa na ufunguo mkononi, haendi popote. Mjane wa Royce alipita mbele ya kioo bila kuwaangalia. Ndipo Dell aliposema, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Niliiona, baba."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Niliiona mapema. Nikakuona unavyoinama, nikaona mdomo wako unavyopiga kelele, nikajiuliza, mbona mzee leo anahangaika hivi?" Akaugusa mkono wake uliofungwa. "Nikasema, ah, leo wamemwambia aigize vizuri zaidi."

Verlon akawasha gari, kwa sababu Oleta alikuwa akiwasubiri nyumbani.