Barua ya Kumwombea Huseni

Babu yangu Fakihi aliwaandikia watu barua Kilwa Kivinje, zama za Mjerumani, na kujisifu alikujua. Neno dhaifu lilimkera kama mchanga kwenye wali. Mtu akisema "nina shida," yeye huandika "nimeangamia." Wagonjwa nao aliwaandikia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, zikanywewa.

Mwaka wa vita vya Maji Maji akaja Mwahija, mjane kutoka kijiji cha Miteja. Mwanawe kijana, Huseni, alikuwa amefungwa bomani, akituhumiwa kunywa dawa ya vita.

"Shikamoo, mwalimu. Niandikie kwamba mwanangu anaumwa, wamwachie."

"Marahaba. Anaumwa? Hata mbuzi huumwa, mama. Mzungu hatashtuka."

Akaandika "anakufa." Akalisoma kwa sauti, akakunja uso, akalikata. Badala yake akaandika: "Huseni amekwisha kufa, bado kuzikwa tu."

Mwahija alirudi nyuma. "Usimwandikie mwanangu kifo, mwalimu!"

"Hii ni barua, si kombe," babu akasema, akacheka. Kwa kicheko hicho namlaumu mpaka leo.

Barua ilipelekwa asubuhi. Adhuhuri akaja askari kumwita Mwahija akachukue maiti. Alisema Huseni alikuwa mzima, anakunywa uji uani. Barua ikasomwa kwa sauti barazani, na ilipofika kwenye jina lake bakuli likamponyoka, akalala chali. Hakupigwa wala hakunyongwa.

Walimzika alasiri. Kesho yake Mwahija alirudi kwa babu, macho makavu, sahani nyeupe mkononi.

"Andika: Yu hai."

"Mama, mtu akishakufa..."

"Ulipomwandikia kifo hukubishana."

Babu akaandika. Mwahija akalitazama lile neno la zafarani. "Halitoshi. Tafuta lenye nguvu zaidi."

Akatafuta. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, siku ile alikosa. Aliogopa, naye hakuficha. Akaiosha sahani, na Mwahija akayapeleka yale maji ya manjano makaburini kwa mikono miwili, asimwage hata tone.

Babu aliishi miaka thelathini zaidi, akiandika "anaumwa" kwa anayeumwa na "nina shida" kwa mwenye shida. Lakini sauti ya kijana ikibisha hodi alasiri, hakusema karibu. Aliuliza kwanza, "Nani wewe?" huku ameushikilia mlango kwa mikono miwili.