Nafasi Chini ya Jina la Amos

Garside, mchonga mawe, alikuwa ameshapotea njia mara mbili katika bonde hilo la Yorkshire alipouona mnara wa kanisa. Alishusha patasi na nyundo, akaingia makaburini, akamkuta mwanamke wa miaka sabini hivi amepiga magoti, anasugua kuvu kwenye jiwe kwa brashi, ndoo ya maji kando yake.

"Ndiwe fundi? Umechelewa mpaka chai imepoa," alisema, akimmiminia kutoka kwenye chupa. "Mimi Nessie Lund. Huyu hapa Amos wangu."

Alikaa na Amos Hebden miaka thelathini na mmoja, miwili ya mwisho akimlisha kwa kijiko. Hawakuoana. Edith, mke wa ndoa, alikimbilia Hull na muuza mazulia, na talaka akaikataa. Amos alipokufa, Edith alibaki mjane wake kisheria, hadi mwezi Juni naye alipofariki.

Garside alisoma karatasi ya kazi: *Edith, relict wa aliyetajwa hapo juu.* Ndivyo Waingereza wa kale walivyomwita mjane: aliyeachwa nyuma na marehemu. Midomoni neno limeshakufa, lakini bondeni humo kila mke wa ukoo wa Hebden amelala chini yake.

"Ameachwa nani, Edith?" Nessie aliguna. "Aliyeachwa ni mimi, na soksi zake kabatini. Haya, neno achukue. Mimi nikifa niwekeeni jina tu. Nafasi itatosha?"

Garside akapima. "Mistari miwili inaingia, mama."

Hapo akafika Joss, mdogo wake Amos, mzee wa kanisa, ndiye aliyeagiza kazi.

"Shemeji," Nessie alianza.

"Nani shemeji yako?"

"Umekula pai zangu kila Jumapili, Joss. Ulikuwa unaniita nani?"

"Nilikuwa nakuita Nessie." Akamgeukia fundi. "Mchonge Edith. Halafu chini, herufi kubwa mpaka mwisho wa jiwe: WAMEKUTANA TENA."

"Zitamaliza nafasi yote, bwana."

"Najua."

Nessie alimwaga maji, akatupa brashi ndooni, akainuka kwa kushikilia jiwe.

"Kuanzia Jumamosi uje wewe na ndoo yako, Joss. Upande huu kuvu hurudi upesi."

Akaenda zake bila kugeuka. Garside alisubiri mpaka lango likagonga, ndipo akaegesha patasi kwenye herufi ya kwanza.