Ndoo Isiyo na Tundu

Mwanangu Neema, kuna Jumamosi moja ninaikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Imenirudia leo nilipoliona hilo ua ulilonunua jana kwenye kitalu cha barabarani, umeliweka mezani kwenye chungu cha kung'aa, kizuri kweli, lakini chini hakina hata tundu la kupita sindano. Wakati wa kula nilinyamaza. Sasa mumeo ametoka. Kaa hapo, simu weka pembeni, unisikilize.

Wewe ulikuwa bado unatambaa. Babu yako alikuwa amefariki, na bibi yako, mama yangu mzazi, akabaki peke yake kijijini Mutuka na kuku wake na shamba lake la mahindi. Nikaenda kumchukua. Sikumuuliza, nilimchukua tu. Nilikodi pikapu, nikapakia kitanda, godoro na sanduku la nguo, nikamleta nyumbani kwetu Maisaka. Jembe lake alilipakia mwenyewe. Tulipofika nililishusha nikampa jirani, nikamwambia, "Mama, umelima vya kutosha. Kwangu ni kupumzika."

Majirani wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Mama akishika ufagio, nampokonya. Akisogelea vyombo, namrudisha kwenye kiti. Nilikuwa naogopa maneno ya watu, usinicheke. Sikutaka mtu apite aseme Mama Neema anamtumikisha mama yake. Basi kazi ya bibi yako ikawa kuamkiwa shikamoo, kuitikia marahaba, na kuletewa chai.

Mwezi wa pili akaniomba kitu kimoja. "Ninunulie ua la ndani, angalau niwe na cha kulea." Nikamnunulia ua lenye majani manene yaliyosimama wima, limo kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki wa kitaluni. Na hata hilo sikumwachia! Nililihamisha mwenyewe, nikalipanda kwenye ndoo kubwa ya rangi. Mama akasema, "Itoboe chini." Nikakataa. Sakafu yangu ya saruji nilikuwa nimeipaka rangi nyekundu na kuisugua mpaka inang'aa, nikaona maji ya udongo yakitoka chini yataniwekea madoa, na wageni wataniona mchafu.

Na wageni walikuwa wengi siku hizo, wanakuja kumpa mama pole. Unajua kwetu mgeni hali bila kunawishwa. Kila nikimaliza kuwanawisha, maji yaliyobaki kwenye jagi nayamimina kwenye ile ndoo. Kutoka nje kuyamwaga nilikuwa naona uvivu, halafu nikajiambia nalitunza ua la mama. Baada ya wiki chache majani yakaanza kuwa ya njano na kulegea chini kwenye shina. Nikasema lina kiu, nikaongeza maji.

Mama naye alikuwa anafifia. Chakula anakigusagusa tu. Miguu ikavimba. Nikampeleka hospitali, wakampima, hawakuona ugonjwa. Mimi nikaongeza supu, nikaongeza blanketi, nikamkataza hata kukaa kibarazani kwa ajili ya vumbi. Siku moja nilikuwa nampelekea uji nikamsikia anaomba kwa lugha yetu, anamwambia Mungu amchukue, amfuate baba. Nilisimama pale mlangoni na bakuli mkononi. Niliogopa, mwanangu. Niliona kabisa nampoteza mama na sijui kosa langu ni lipi.

Jumamosi yenyewe ndiyo hii sasa. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amechuchumaa uani, ndoo ameipindua, matope yametapakaa, na harufu yake ni ya mtaro. Nikapandisha sauti. "Mama! Nani amekwambia ushike kazi hiyo?"

Alishika mzizi mmoja kwa vidole viwili akauvuta, ukachomoka ganda lake laini kama la harage lililoiva, ukabaki uzi mweusi.

"Paskalina," akasema, "hili halikuwa na kiu. Limezama. Kila lilipougua, wewe ulikuwa unaliongezea kile kile kinacholiua."

Nikafungua mdomo nijitetee. Akainua mkono wake wenye matope.

"Na mimi umenitia kwenye ndoo hiyo hiyo. Najua unanipenda. Lakini hujaniachia hata pa kupumulia. Nirudishie jembe langu nikiwa bado na nguvu za kulishika."

Ee, nililia! Nilipiga magoti kwenye yale matope na kitenge changu kipya. Unadhani alinibembeleza? Alinituma kisu.

Akakata kila mzizi uliooza mpaka akafika kwenye mizizi migumu, myeupe. Kati ya ua zima yakapona machipukizi mawili tu. Akayaweka kivulini siku mbili, vidonda vikauke. Mimi nikachoma msumari kwenye jiko la mkaa nikatoboa kopo dogo, matundu matano. Nilitaka kopo kubwa, akakataa, akasema mizizi michache ikizungukwa na udongo mwingi, maji yanabaki hapo yanaiozesha. Tukachanganya udongo na mchanga, tukapanda. Kisha akanishika kidole akakizamisha kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. "Ukisikia ubichi, ondoka. Ukisikia pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uliache."

Jioni ya Jumamosi ile ile nilikwenda kwa jirani kuliomba jembe. Aibu niliyoiona naijua mwenyewe. Bibi yako akalima kipande nyuma ya jiko, mchicha wake ukawa unaliwa nyumba nne. Miguu ilinywea. Msimu wa kupanda ukifika alikwenda Mutuka, na alirudi alipotaka mwenyewe. Alifariki wewe ukiwa darasa la sita. Nilipomwosha mara ya mwisho, kucha zake zilikuwa na udongo, na moyo wangu ulitulia.

Sasa mwanangu. Hicho chungu kitoboe, na kama inakuuma kukitoboa, panda kwenye kopo. Maji ya jagi mwaga nje. Weka kidole kabla ya kumwagilia, usifuate hofu yako. Na mtu wako akianza kunyauka mbele yako, usikimbilie kumwongezea. Kaa chini umuulize anakosa nini, na akikujibu, umsikie, hata kama jibu lake litakutia doa mbele ya watu.

Tangu uliponileta hapa kwako Bonga sijashika kitu. Juzi ulinipokonya ufagio. Jana miguu yangu ilivimba, nawe ukaniletea blanketi. Jembe langu nimeliona, uliloficha stoo nyuma ya magunia.

Mungu akubariki, mwanangu, kwa huruma uliyo nayo, maana umeirithi kwangu pamoja na kosa lake. Akupe mikono ya kutunza na moyo wa kuachia. Azeeshe miguu yako kwenye udongo wako mwenyewe, na uzae mtoto atakayekuuliza kwanza.

Haya, futa machozi. Lete msumari, na ukipita stoo, uje na jembe langu.